Nyumba ya magurudumu, Escudo nyuma, na mlima wa Lushoto

Gari dogo unalolivuta nyuma ya gari la kulala lifunguliwe Mombo, kabla ya kupanda mlima wa Lushoto. Natanguliza hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila mwenye gari la kulala, awe amegeuziwa Coaster yake kwenye gereji za Ngamiani au ameingia nalo kwa Horohoro akitokea Mombasa: naweza kupanda Lushoto huku navuta? Kutoka Tanga mjini, kupita Muheza, Segera na Korogwe mpaka Mombo, vuta bila wasiwasi. Barabara ina miinuko ya kawaida na matuta mengi vijijini, na gari dogo likifungwa vizuri halina neno. Kutoka Mombo kwenda juu, tenganisha. Kila gari lipande na dereva wake.

Nguvu ya injini siyo shida. Coaster yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, itaivuta Suzuki Escudo mpaka Lushoto kwa gia ya pili na ya tatu, taratibu, na itafika. Shida ni kurudi nyuma. Gari dogo linalovutwa kwa magurudumu yake manne halirudi nyuma. Ukilisukuma hata mita mbili, magurudumu yake ya mbele hujikata yenyewe upande mmoja mpaka mwisho wa usukani, halafu linasukumwa kimshazari. Kinachopinda hapo ni mikono ya fremu ya kuvutia (chuma kinachounganisha magari mawili), mabano yaliyofungwa kwenye chasisi, au fimbo za usukani. Sasa fikiria uko katikati ya Mombo na Soni, barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili korongo, na basi linashuka limejaa. Ustaarabu wa mlimani ni kwamba anayepanda hupishwa, lakini basi lenye Fuso la kabichi nyuma yake haliwezi kukupisha hata likitaka. Mmoja lazima arudi hadi penye upana, na itakuwa wewe.

Utasema utashuka ufungue pini inayoshikilia fremu. Pini iliyobanwa na uzito wa gari kwenye mlima, au iliyobanwa kwa sababu magari mawili yamesimama kwenye kona bila kunyooka, haitoki kwa mkono. Ukiigonga kwa nyundo ikatoka, gari dogo linaondoka nayo. Wanaovuta magari wanajua hili kwenye uwanja tambarare tu. Mlimani linawakuta wakiwa na foleni mbele na nyuma, na honi zinalia.

Na urefu nao. Coaster ndefu ni karibu mita 7. Ongeza fremu ya mita 1.5 na Escudo ya milango mitatu, unapata mita 12 na zaidi. Kwenye kona kali mkia wa Coaster unatoka nje kuelekea upande wa pili wa kona, wakati gari dogo linakata ndani kuliko tairi za nyuma za gari kubwa. Hivyo unahitaji nafasi pande zote mbili kwa wakati mmoja, na barabara haikupi.

Ukiwa dereva peke yako, liache lile kubwa penye mlinzi Mombo au Korogwe, upande na dogo. Kwa kweli hiyo ndiyo maana ya kuvuta gari dogo toka mwanzo. Kwa njia ya Amani kutoka Muheza, ambako miti ya msitu inainamia barabara, sina ushauri mwingine kabisa: kubwa libaki Muheza. Vilevile anayekwenda Mtae kupita Lushoto. Yanayofuata ni kwa yule mwenye madereva wawili, anayetaka kulala na nyumba yake Irente au karibu na msitu wa Magamba.

Gari gani linavutika

Giaboksi nyingi za otomatiki zina pampu ya oili inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa pampu inalala, huku magurudumu yanaendelea kuzungusha shafti za ndani bila oili mpya kufika. Umbali mfupi unatosha kuunguza bushi, na hakuna dalili utakayoisikia ukiwa mbele, mpaka siku utakapoliwasha likakataa kutembea. Kwa hiyo RAV4, Noah na jamaa zao za otomatiki zisivutwe kwa magurudumu yao. Zipande kwenye tela, zote nne juu.

Escudo za zamani zenye gia ndogo ya mkono (kijiti cha pili, cha four-wheel) ndizo zinazofaa, pamoja na Jimny zenye gia hiyo. Gia ndogo ina nafasi ya N kati ya ile ya kasi na ile ya nguvu, na ikiwa hapo magurudumu yametengana kabisa na giaboksi kubwa. Zile zinazobadilisha kwa kitufe mara nyingi hazina N hiyo, kwa hiyo usidhani tu kwa kuwa jina ni lilelile. Giaboksi kubwa iachwe kwenye nafasi inayoelekezwa na kitabu cha gari, habu za mbele ziwe huru, handbreki iwe chini. Kila baada ya kilometa 300 hivi, simama, washa injini ya gari dogo dakika moja au mbili ili oili isambae. Tanga mpaka Mombo hufiki umbali huo, lakini anayetoka Dar es Salaam ahesabu.

Pikapu inayoendeshwa na magurudumu ya nyuma ina njia nyingine: fungua propela shafti upande wa difu, boli nne, uifunge juu kwa waya imara au uitoe kabisa. Kabla ya kufungua piga alama ya rangi kwenye pande zote mbili za kiungo, ili irudi palepale ilipokuwa. Ikirudi imegeuka inaweza kuleta mtikisiko, na fundi atakutafutia ugonjwa kwenye tairi.

Ufunguo wa gari dogo ubaki sehemu inayofungua usukani. Usukani ukijifunga, magurudumu ya mbele hayafuati kona, yanaburuzwa, na tairi mbili zinakwisha kabla hujafika Segera. Kwa kuwa ufunguo uko wazi, betri inanyonywa polepole. Toa fyuzi ya redio na ya feni ya ndani.

Chuma na kutu ya pwani

Hewa ya Tanga ina chumvi, na chumvi inakula chuma chini ya rangi. Fremu ya kuvutia iliyokaa nje mwaka mzima karibu na Raskazone inaweza kung'aa kwa rangi huku mshono wa kulehemu umeoza. Kwangua rangi kwenye kila mshono kwa brashi ya waya, angalia ufa mwembamba unaofuata ukingo wa weldi. Ukiuona, usiweke weldi juu ya weldi. Kata, tengeneza upya.

Kiungo cha nyuma cha gari kubwa kifungwe kwenye mihimili miwili ya chasisi. Bampa la Coaster ni bati la kupokea mikwaruzo, halivuti kitu. Boli ziwe zenye alama ya uimara ya 8.8 au 10.9 kichwani. Boli isiyo na alama yoyote ni chuma laini, itanyooka kama mpira kabla ya kukatika, na wewe utaona tu kwamba nati imelegea, utaikaza, na itaendelea kulegea. Nati iliyokazwa mara mbili kwenye safari moja, boli yake ibadilishwe.

Minyororo ya usalama iwe miwili, ipite chini ya kiungo kwa kukatishana kama herufi X. Kiungo kikiachia, kichwa cha fremu kinadakwa na hiyo X badala ya kuchimba lami. Urefu uruhusu kona lakini usiguse chini. Fremu ikae sambamba na barabara au karibu na hapo. Ikiinama sana kuelekea gari kubwa, kila unapofunga breki gari dogo linajaribu kupanda juu ya kiungo, na ikiinuka sana kuelekea huko linasukuma mkia wa gari kubwa juu.

Waya wa taa uwe na taa za breki, indiketa na taa ndogo za nyuma zinazofanya kazi kwenye mkia wa gari dogo. Anayekufuata anaangalia lile la mwisho.

Breki ndiyo habari yenyewe

Coaster iliyogeuzwa nyumba, ikiwa na vitanda, maji, gesi, betri za sola na watu, inafika tani 5 kirahisi. Pima kwenye mzani, ekseli moja moja; ni kawaida kukuta ya nyuma imezidiwa kwa sababu tangi la maji na kabati la vyombo vyote viko nyuma. Tuseme kubwa ni tani 5.3 na dogo tani 1.2, jumla tani 6.5. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, Mombo karibu mita 400, na barabara kati yake ni kilometa 33 hivi. Tani 6.5 zikishuka mita 1,000 zinaachia nishati ya karibu megajuli 64. Ni joto la kuchemsha pipa zima la maji la lita 200, kuanzia nyuzi 25 mpaka linatokota.

Sehemu ya joto hilo huliwa na msuguano wa tairi na upepo. Linalobaki lina mahali pawili pa kwenda. Aidha liingie kwenye injini, ambako kuna radieta, feni na ekzosti za kulitoa, au liingie kwenye ngoma na diski za breki, ambako hakuna cha kulitoa ila upepo unaopita. Kila uamuzi wa dereva mteremkoni ni kuhusu joto hilo kwenda huku au kule. Ukifungua Escudo ikashuka na breki zake yenyewe na injini yake yenyewe, umeliondoa fungu lake lote kwenye breki za Coaster. Hii ndiyo sababu ya pili ya kufungua, na mimi naiona nzito kuliko ya kwanza.

Breki hufa mlimani kwa namna mbili, na dalili zake hazifanani. Ya kwanza: pedeli ni ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote, gari halipungui mwendo. Hapo brekishuu na pedi zimepata joto kupita kiwango chake na uso wake umeteleza. Harufu kali ya kuungua hutangulia. Ya pili: pedeli inazama laini mpaka sakafuni. Hapo oili ya breki imechemka, mvuke umeingia kwenye paipu, na mvuke unabonyea ambapo oili haibonyei. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inakuja ghafla, mara nyingi muda mfupi baada ya kuachia pedeli, joto la diski linapohamia kwenye silinda.

Oili ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na pwani kwetu unyevu haukosekani. Oili ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 230. Ikishanyonya maji kiasi, hushuka mpaka 155. DOT 3 ni 205 ikiwa mpya na 140 ikishalowana. Gari lililokaa Tanga miaka mitatu bila kubadilishwa oili ya breki lina oili iliyolowana hata kama kopo la masta (silinda kuu ya breki) limejaa mpaka juu. Badilisha kila miaka miwili, toa hewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta isipokuwa kitabu kiseme vingine, na usitumie kopo lililofunguliwa tangu mwaka jana hata kama limefungwa kizibo. Kujazia tu juu hakusaidii. Maji yako kule chini kwenye silinda za magurudumu, palepale penye joto.

Kwa sehemu unayovuta, yaani Tanga mpaka Mombo, breki za gari dogo bado zina kazi. Ulaya tela linalozidi kilo 750 halivutwi bila breki zake, na Escudo inazidi hapo kwa mbali. Kuna kifaa cha kuweka mbele ya kiti cha dereva kinachokanyaga pedeli ya gari dogo kila unapofunga breki kwenye kubwa. Mambo mawili hukiharibu. Kwanza, injini ya gari dogo imezimwa, kwa hiyo busta (kisaidizi cha pedeli ya breki) ina nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu, baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu. Kifaa kipimwe na busta ikiwa tupu. Pili, kinaweza kubaki kimekanyaga kidogo, na gari dogo likaunguza breki kilometa nyingi bila wewe kusikia chochote. Ukisimama Muheza, na tena Segera, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu, bila kuigusa. Zote nne zinatakiwa kuwa na uvuguvugu unaolingana. Moja ikiwa moto peke yake, breki yake imeng'ang'ania au bearing inakufa.

Handbreki iliyosahaulika juu huonekana hapo pia, kwenye magurudumu ya nyuma.

Kupanda

Usiondoke Mombo alfajiri. Mabasi ya kwenda Dar es Salaam na Tanga huondoka Lushoto mapema sana, na utakutana nayo yakiwa na haraka. Saa 3 asubuhi barabara inakuwa imepungua, ukungu umepanda, na lami imekauka. Ukiwa safari ya masika, kati ya Machi na Mei, uliza kwanza Mombo hali ya njia: udongo na mawe huporomoka kutoka juu, na lami yenye tope jembamba inateleza hata bila mvua ya siku hiyo.

Maji usijaze. Lita 100 ni kilo 100, na Lushoto maji hayana tabu. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye koki yake.

Injini isiyo na tabo inapungukiwa nguvu karibu asilimia 1 kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo ukifika Lushoto umepoteza kama asilimia 14 ya uliyokuwa nayo Tanga. Moshi mweusi ukitoka unakwambia unakanyaga mafuta kuliko hewa iliyopo. Kukanyaga zaidi hakuleti nguvu, kunaleta joto. Rudi gia moja chini, acha injini izunguke kwa wepesi. Gia ibadilishwe kabla ya kona, kamwe si ndani yake. Anayekosa gia kwenye kona anasimama kwenye kona, na kuondoka na tani 5 kwenye mwinuko huo ni kuunguza klachi. Ikibidi kuondoka mlimani, gia ya kwanza, handbreki, achia klachi mpaka usikie gari linanyanyuka, ndipo ushushe handbreki. Msaidizi awe nje na kabari ya mbao nyuma ya tairi, na aiondoe barabarani baadaye. Mawe yanayoachwa barabarani na wapandaji yamepasua tairi nyingi za watu wasio na hatia.

Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi, washa hita ya ndani kwa moto kamili na madirisha wazi. Usizime injini ghafla: simama penye nafasi, iache ikizunguka bila mzigo dakika tatu au nne, ukiangalia mshale. Ukizima pampu ya maji inasimama na joto la kichwa cha injini linabaki palepale. Kifuniko cha radieta usikiguse mpaka hozi ya juu ibonyee bila kuunguza. Chanzo cha kawaida njia hii ni mbegu za majani na vumbi lililojaa kwenye mapezi ya radieta kutoka kwenye mashamba ya mkonge ya huku chini. Safisha kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Bomba lenye presha kubwa hulaza mapezi na kufanya tatizo kuwa la kudumu.

Piga honi kabla ya kila kona usiyoiona upande wa pili. Bodaboda wengi huteremka wamezima injini kuokoa mafuta, na huwasikii.

Kushuka

Hapa ndipo nataka usome taratibu. Magari yanayopata ajali mlimani ni yanayoshuka.

Kabla ya kuondoka Lushoto, gari likiwa tambarare na injini inawaka, kanyaga pedeli na uishikilie sekunde 30. Ikizama polepole, kuna mahali panavuja au masta imechoka, na hushuki siku hiyo. Angalia chini ya kila gurudumu ndani kama kuna unyevu. Jaribu breki ya ekzosti kama gari linayo. Injini ya dizeli haina kizuizi cha hewa kama ya petroli, kwa hiyo ukiachia mafuta inakushika kidogo tu. Breki ya ekzosti ndiyo inayoipa meno. Coaster nyingi hazina. Mwenye nayo aiwashe kabla ya mteremko wa kwanza na aiache iwake mpaka Mombo.

Gia ya kushukia ni ileile uliyopandia sehemu hiyo, au moja chini yake. Uliyopanda kwa ya pili, shuka kwa ya pili. Otomatiki: zima O/D (gia ya juu kabisa), shusha mpaka 2, na kwenye sehemu kali L. Ingiza gia hiyo juu, gari likiwa bado na mwendo mdogo. Ukichelewa na gari likashika kasi, gia haitaingia, na utakuwa umekanyaga klachi ukiwa huna gia yoyote. Nyutro mteremkoni ni marufuku, na klachi iliyokanyagwa ni nyutro vilevile.

Chagua mwendo wako. Kati ya Soni na Mombo kilometa 30 kwa saa inatosha kwa tani 5. Mwendo ukipanda hadi 35, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka 25, kama sekunde tatu nne, halafu achia kabisa. Subiri upande tena, rudia. Mguu uliotulia juu ya pedeli kilometa nzima, ukigusa kidogo kidogo, unazipa breki joto bila nafasi ya kupoa, na taa za nyuma zinazowaka muda wote hazimwambii kitu anayekufuata. Ukiona unahitaji breki kila baada ya sekunde kumi, gia yako ni ya juu mno. Simama, shusha moja.

Magari ya mboga yatakukaribia nyuma na kukumulikia taa. Madereva wa Fuso zinazopeleka karoti na kabichi wanaijua kila kona, na wana ratiba ya soko. Wapishe kwenye upana wa kwanza, uingie kushoto na kusimama kabisa. Usiongeze mwendo kwa ajili ya mtu aliye nyuma yako.

Soni simama, hata kama kila kitu ni kizuri. Dakika 20 au zaidi. Siku za soko tafuta nafasi nje kidogo ya msongamano. Nusa magurudumu, sogeza mgongo wa mkono. Ngoma ya breki ikipata moto hutanuka na kuziacha brekishuu nyuma, ndiyo maana pedeli inashuka zaidi kuliko ilivyokuwa Lushoto, ikipoa hurudi. Ikibaki chini baada ya kupoa, brekishuu zirekebishwe kabla ya kuendelea. Maji usimwage. Ngoma ya moto ikimwagiwa maji hupata nyufa, na ufa wake huuoni mpaka ngoma ipasuke safari nyingine. Handbreki ya magari mengi ya aina hii iko nyuma ya giaboksi, inashika propela shafti, kwa hiyo haiathiriwi na moto wa magurudumu. Lakini weka na kabari pia, kwa sababu gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, handbreki ya namna hiyo haishiki kitu.

Breki zikifa njiani: usizime injini, maana busta na usukani wa pawa vinaondoka nayo. Pampu pedeli haraka haraka. Kama ni mvuke, presha inaweza kurudi kidogo. Lazimisha gia moja chini, achia klachi, injini ilie. Mlio mkali wa injini ni bora kuliko korongo. Vuta handbreki kwa vipindi. Ukiivuta yote kwa mara moja kwenye mwendo, inaweza kukata kiungo cha propela. Honi mfululizo, taa zote. Kama bado halishiki, lisugue upande wa mlima, mtaro na udongo, mapema, mwendo ukiwa bado mdogo. Bati la ubavuni linanyooshwa hapo Korogwe kwa siku mbili.

Likikuharibikia penye kona, matawi ya miti yawekwe barabarani mita 50 na zaidi juu na chini, pamoja na pembetatu za kuakisi. Pembetatu peke yake kwenye kona haionekani mapema.

Kuunganisha tena Mombo

Mkifika wote wawili, msiunganishe papo hapo. Breki za Coaster zipoe, na injini ya Escudo ipoe. Tafuta tambarare ndefu, magari yote mawili yakiwa yamenyooka. Kubwa lisimame, dogo ndilo lisogee. Pini zote mbili na klipu zake, minyororo kwa X, waya wa taa, waya wa breki ya dharura (unaofunga breki za gari dogo likichomoka). Gia ndogo N. Handbreki chini. Ufunguo wazi. Kisha mmoja aendeshe kubwa mita kumi polepole na mwingine atembee kando, akiangalia magurudumu manne ya gari dogo kama yote yanazunguka, na kama ya mbele yanafuata kona kushoto na kulia. Gurudumu lisilozunguka kwenye mita kumi hizo linaonekana mara moja. Likipita hapo, utaliona Korogwe likiwa limekwisha mpaka nyuzi.

Nati za tairi za Coaster zikazwe tena Korogwe, hasa kama ngoma zilifunguliwa au zilipata moto mkali mlimani. Hapo hapo jaribu pini kwa mkono: itikisike kidogo, bila kucheza sana.